Mauza na Visu vya Watu

Mzee Mohammed alizikwa Jumatatu, matanga yakaanuliwa Alhamisi, na Jumamosi bintiye Mauza akafungua duka. Watu wa uchochoro ule unaotokea Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, walidhani kaja kuchukua vitu vya marehemu. Lakini alisukuma mlango wa bati, akafagia, akanyunyizia maji kizingitini kama mzee alivyokuwa akifanya kila siku, kisha akakaa nyuma ya mashine ya kunolea. Hakujua aende wapi kwingine.

Baba yake alikuwa mnoa visu na mikasi. Wateja wake walikuwa wauza nyama, mafundi cherehani, wapishi wa hoteli, na kina mama waliokuja na visu vya jikoni wamevifunga kwenye kanga. Mauza alianza kumsaidia akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka aliofariki mama yake, na msaada huo wa muda ukaendelea miaka ishirini na nane. Katikati hapo alitokea mchumba kutoka Tanga, mtu mwenye adabu, akangoja mwaka, akangoja na wa pili, mwisho akaoa kwao. Mdogo wake Mauza, Taimur, alikwenda Muscat kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke huko, Samah, na mtoto wa kike, Lujain, ambaye shangazi yake alimjua kwa picha tu. Kwa hiyo mzee alipofariki, Mauza alibaki na duka, vyumba viwili ghorofani, na simu ya Ijumaa kutoka Muscat.

Kazi yenyewe ilikuwa imepungua. Siku hizi visu vinauzwa kando ya barabara, vimepangwa kwenye turubai kama samaki. Kikiwa butu unatupa, unachukua kingine. Kulikuwa na siku Mauza alikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila mtu kuingia isipokuwa anayeulizia njia. Ndipo, kwa kukosa la kufanya, akaivuta droo ya chini.

Humo mlikuwa na visu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Vilikuwa thelathini na kimoja, kila kimoja kimefungwa uzi wenye kipande cha karatasi na jina kwa mwandiko wa mzee. Wengine walihama mji, wengine walikufa, wengine walisahau tu. Mzee hakukubali kuuza hata kimoja. Akiulizwa, alisema mwenyewe akija atampa nini.

Mauza alivitoa kimoja kimoja, akavifuta vumbi na kuvipaka mafuta. Alikuwa ameshika maelfu ya visu maishani mwake, lakini siku zote alitazama makali tu, kwa sababu kazi yake ilikuwa makali. Siku hiyo, bila mteja kumsubiri, alivitazama vizima. Akagundua kwamba vingi vilitoka kiwandani, vinafanana kama matofali. Vitatu havikufanana na chochote. Kimoja kilikuwa cha muuza nyama, kizito, kimefuliwa kwa mkono. Kingine kilikuwa kirefu na chembamba, chenye maandishi ya Kijapani shingoni, kiliachwa na mpishi wa meli. Cha tatu kilikuwa kisu kidogo cha mboga, urefu wa shibiri moja, mpini wa mninga uliogeuka mweusi kwa kushikwa, na nukta tatu ndogo zilizopigwa kwenye chuma karibu na mpini. Karatasi yake ilisema: Bi Jashoda, Upanga, na chini yake tarehe ya karibu miaka minane nyuma.

Hicho cha tatu ndicho kilichomshika. Ukikipitisha kati ya vidole viwili kuanzia mpinini, ulihisi chuma kinapungua taratibu, taratibu, mpaka kwenye ncha kinabaki chembamba kama ukucha. Hakikuwa na mahali ungeweza kusema hapa ndipo kilipoanza kupungua. Na upande wake mmoja ulinyooka kabisa, wa pili ukakatwa mshazari. Mauza alikizungushazungusha mpaka adhana ya alasiri. Alitaka kujua mtu alifanyaje. Baba yake angekuwepo angemuuliza, ingawa labda na yeye asingejua, maana kunoa ni jambo moja na kutengeneza ni jambo lingine.

Akaona njia ya kujua ni kukitengeneza.

Alichukua karatasi ya mfuko wa simenti, akakilaza kisu juu yake na kukizungushia kalamu. Akapima unene kwa uzi mahali kumi na mbili. Akaenda kwa muuza viungo wa uchochoro wa pili, akaomba akipime kwenye mizani ya iliki, na yule bwana akampimia bila kuuliza, akidhani labda mwanamke huyu amechanganyikiwa kwa msiba. Kisha akapanda juu ya paa la ghorofa na jiko la mkaa, draya ya nywele ya kupulizia moto, na kipande cha springi ya gari.

Majirani walivumilia mara mbili. Mara ya tatu moshi uliingia kwenye nguo zilizoanikwa, na mama mmoja wa ghorofa ya nne akaja kumwambia kwa upole kwamba wote wanamheshimu na wanajua amefiwa, lakini kama ni kupika, apike ndani.

Hivyo ndivyo alivyofika mtaa wa Gerezani, kwenye uwanja wa Isidori, aliyekuwa akitengeneza majiko na mageti. Isidori alikuwa mtu mzima, mpana wa mabega, asiyependa kuongea.

"Unataka kufua nini, dada?" alimuuliza.

"Kisu."

"Visu vinauzwa hapo nje."

"Najua."

Isidori alimtazama kidogo, akamwonyesha kona yenye kipande cha reli kilichokuwa fuawe, pa kufulia chuma. Walikubaliana aje Jumapili, siku ambayo mafundi hawapo, na funguo za geti ataziacha kwa muuza maji. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao marefu kwa mwaka mzima uliofuata.

Jumapili Gerezani ni kimya cha ajabu kwa mtu aliyezoea kelele zake. Mauza alikuwa akifungua geti peke yake, anawasha moto peke yake, anafunga mtandio nyuma ya shingo na kuvaa aproni ya ngozi aliyoshona mwenyewe. Nyundo ilipogonga, mlio wake ulikwenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kisu cha kwanza kilitoka kama kijiko. Cha pili kilipasuka alipokitumbukiza kwenye oili chafu. Alisikia mlio mdogo, kama mtu anayealisha kidole, akajua kimekwenda. Cha tatu kilipinda. Cha nne kilionekana kizuri, lakini tupa ilipopita juu yake ilikula chuma kama jibini, maana yake hakikuwa kigumu hata kidogo.

Vitu ambavyo hakuna wa kumwonyesha alijaribu kuvipata kwenye simu. Alimpata fundi mmoja wa Kijapani aliyejirekodi akifua visu kwenye banda lake. Mtu huyo hakuwa akizungumza. Kamera ilitazama mikono yake tu, na Mauza hakuwahi kuuona uso wake. Alikuwa akisimamisha video, anarudisha nyuma, anatazama tena jinsi kidole gumba kinavyokaa juu ya koleo, rangi ya chuma kinapotoka motoni, ni pumzi ngapi kabla hakijaingia kwenye mafuta. Alikula chakula cha mchana na mikono ile, na cha jioni pia. Alijua ina kovu wapi. Mara nyingine alijikuta akiiambia jambo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyoongea na mwenzake jikoni: leo nimekipiga kabla hakijaiva, au, mafuta yalikuwa baridi mno. Halafu anazima simu, na chumba kinakuwa kimya.

Taimur alipopiga Ijumaa aliuliza, "Da Mauza, unafanya nini siku hizi?"

"Natengeneza kisu."

"Kimeharibika?"

"Hapana. Natengeneza kipya."

"Vizuri," alisema Taimur, kisha akamweleza habari za joto la Muscat.

Kisu cha kumi na moja kilifanana. Mauza hakuamini mara moja. Alikilaza juu ya karatasi ya simenti, kikajaa ndani ya mstari. Akapima kwa uzi mahali kumi na mbili. Akarudi kwa muuza viungo, mizani ikatulia palepale. Mpini aliuchonga kwa mninga, pamoja na kibonyeo kidogo pembeni ambacho hakukielewa, na zile nukta tatu alizipiga kwa msumari, kwa sababu alikuwa ameamua kuiga kila kitu na hakuona sababu ya kuacha hilo. Ilikuwa imemchukua miezi kumi na minne. Aliviweka viwili hivyo juu ya meza ya duka, kimoja cheusi kwa uzee na kimoja kipya, akageuka kutafuta wa kumwonyesha. Nje alipita mtu na mkokoteni wa mabelo ya mitumba.

Jambo moja tu lilimsumbua. Kisu hakikukata sawa. Kilikuwa kikali, lakini nyanya ikikatwa nacho, slesi zilikwenda upande, upande mmoja nene, mwingine nyembamba. Alidhani kosa ni lake. Lakini cha asili nacho kilifanya vilevile mkononi mwake. Akaamini kwamba fundi yule alikuwa na siri fulani kwenye ule mshazari, na kwamba siri hiyo hataipata kwa kukaa dukani. Akavifunga visu vyote viwili kwenye kitambaa, akaenda Upanga.

Haikuwa vigumu kumpata Bi Jashoda. Kwenye magorofa ya karibu na hospitali kuu walikuwepo wawili wenye jina hilo, na mmoja alikuwa na miaka thelathini. Mlango wa yule mwingine ulifunguliwa na mkwe wake, Vidhi, aliyemtazama Mauza kupitia nondo akiwa na wasiwasi kidogo.

"Natoka Kariakoo," Mauza alisema. "Baba yangu alikuwa ananoa visu. Nimemletea mama kisu chake."

"Mama hajapeleka kisu popote."

"Zamani kidogo. Imepita miaka tisa."

Vidhi alicheka, akafungua. Bi Jashoda alikuwa jikoni, amekaa kwenye stuli, mbele yake sinia la bamia. Alikuwa mzee sana, mwembamba, mwenye macho makali. Mauza alimwamkia, mama akaitikia, kisu kikatoka kwenye kitambaa. Mama alinyoosha mkono wa kushoto akakichukua. Akashika bamia, akaanza kukata. Vipande vilianguka kwenye sinia vyote sawasawa, kama vimepimwa.

Mauza aliutazama mkono ule. Kidole gumba cha mama kilikuwa kimelala ndani ya kile kibonyeo cha mpini ambacho alikuwa amekichonga kwa siku tatu bila kujua ni cha nini.

"Mama, wewe ni mashoto," alisema.

"Tangu nazaliwa. Mama yangu alinipiga, mwalimu alinipiga, haikusaidia." Bi Jashoda aliendelea kukata. "Visu vyote vya dukani ni vya watu wa kulia. Nilikuwa najikata kila siku. Mume wangu, Indravadan, ndiye alimjua fundi mmoja anaitwa Anselmi. Akamleta hapa. Yule mtu alikaa hapo ulipo wewe, asubuhi nzima, ananitazama napika. Hakuniuliza kitu. Chai yenyewe ilipoa. Wiki ya pili akaleta hiki."

Mauza alikaa kwenye kiti alichopewa, akajiona mjinga mkubwa. Mwaka na zaidi alikuwa amenakili mkono wa kushoto wa mwanamke wa Upanga, kila kilo ya nguvu yake, kila mviringo, akidhani ni ufundi mtupu. Siri haikuwepo. Alikuwepo mtu tu, na fundi aliyekaa kumtazama.

"Na kwa nini hukurudi kukichukua?" aliuliza.

"Indravadan aliugua wiki ileile. Baada ya hapo nilisahau nilikipeleka wapi." Mama alikifuta kisu kwa upindo wa sari. "Nilimlilia mume wangu. Halafu siku nyingine nikikata vitunguu nakililia na hiki, nasema ni vitunguu."

Walimpa chai na vitafunio vya dengu. Alipouliza habari za Anselmi, Bi Jashoda alisema alikuwa akikaa Ilala, nyuma ya soko, kama bado yupo.

Alikuwepo. Mauza alimpata kwenye nyumba ya mama mmoja anayeitwa Kijakazi, aliyekuwa barazani akikaanga maandazi, akamwelekeza kwa mwiko kwenye chumba cha uani. "Ongea kwa sauti," alimwambia. "Si kiziwi, ila macho hayaoni, akisikia sauti ndogo anadhani umeondoka."

Anselmi alikuwa amekaa kitandani, mlango wazi, jua limeishia magotini mwake. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili uliobaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Naitwa Mauza. Baba yangu alikuwa ananoa visu Kariakoo. Mzee Mohammed."

"Mohammed wa Mchikichi? Alikuwa ananoa bila haraka. Yuko?"

"Ametangulia."

"Basi pole, binti."

Mauza alikuwa amejiandaa kumwuliza mambo mengi. Namna ya kupunguza chuma, joto la mafuta, kama mwisho wa kisu unafuliwa au unasagwa. Badala yake alikitoa kile cha kumi na moja na kumwekea mkononi, apate pa kuanzia.

Anselmi alikipitisha kati ya vidole, kutoka mpinini mpaka kwenye ncha, polepole, kama Mauza mwenyewe alivyofanya mara ya kwanza. Akatafuta kibonyeo, akakipata. Akatafuta nukta tatu kwa kucha, akazihesabu.

"Hiki changu," alisema. "Nilimtengenezea mama mmoja wa Kihindi. Mashoto yule. Mpini nani kaubadilisha?"

"Mzee, hicho nimetengeneza mimi. Chako nimekirudisha kwa mwenyewe, Upanga. Mimi nimeiga tu."

Mzee alikigeuza kisu kiganjani. Kisha akatikisa kichwa bila hasira. "Macho yamekwenda, binti. Mikono haijaenda. Unadhani sikijui?"

"Kweli tupu, mzee. Nimekifua Gerezani, kwa Isidori. Miezi kumi na minne."

"Labda umekinoa. Umekinoa vizuri, kama baba yako." Akaendelea kukipapasa. Sauti yake ikashuka. "Nimefanya kazi hii miaka arobaini. Vyote vimekwenda na watu. Hapa ndani nakatia mkate kwa kisu cha plastiki, Kijakazi ndiye kaninunulia. Sikujiwekea hata kimoja. Unakipeleka wapi hiki?"

Mauza alifungua mdomo kumweleza tena. Alitaka sana mtu huyu mmoja, katika mji wote huu, ajue. Hapakuwa na mwingine ambaye kujua kwake kungekuwa na maana. Lakini aliona jinsi mzee alivyokikumbatia kwenye kiganja, akabadili maneno.

"Sipeleki popote," alisema. "Nimekuletea wewe."

Alirudi kwa miguu, barabara nzima ya Uhuru mpaka Kariakoo, akipita katikati ya watu waliokuwa wanapanga viatu, wanaita wateja, wanagombana kwa utani. Kazi bora aliyopata kuifanya ilikuwa imesifiwa na fundi aliyeifahamu kuliko wote, na sifa zenyewe zikaenda kwa mwingine. Hakuwa na uchungu na mzee. Kilichomlemea ni kwamba alipofika nyumbani na kufungua mlango, habari ile ilikuwa kubwa na chumba kilikuwa kitupu. Alimpigia Taimur ingawa haikuwa Ijumaa. Taimur alikuwa anaendesha gari, akasema atampigia baadaye, na baadaye ikawa Ijumaa.

Wiki kadhaa hakwenda Gerezani. Funguo zilibaki kwa muuza maji. Alinoa mikasi, akafunga duka mapema, akaacha hata kutazama ile mikono ya Mjapani, kwa sababu sasa kila akiitazama alijiuliza kisu kile ni cha nani, nani atakishika, na video haikusema.

Aliyemrudisha kazini ni Ummy, mwanamke anayekaanga samaki upande wa Msimbazi. Alikuja kunolesha kisu ambacho mpini wake ulifungwa matambara mpaka ukawa mnene kama gunzi la mahindi. Mauza alikuwa amekinoa kisu hicho mara nyingi na hakuwahi kuuliza.

"Haya matambara ya nini?"

Ummy alimwonyesha mkono wa kulia. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimeungua mafuta miaka ya nyuma, havikunji. "Kisu kinaniponyoka," alisema. "Nimezoea."

"Nipe huo mkono," Mauza alimwambia.

Aliushika kwa mikono yake yote miwili, akaugeuza, akavikunja vidole vinavyokunjika na kuviacha visivyokunjika. Ulikuwa mkono wa moto, mgumu, unanuka samaki na ndimu. Ghafla akakumbuka kwamba mkono wa mwisho aliopata kuushika hivyo ulikuwa wa baba yake, siku zile za hospitali. Ummy akaona macho yake, akadhani ni huruma.

"Haviumi, da Mauza," alisema. "Usijali."

Kesho yake Mauza hakufungua duka. Alikwenda Msimbazi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamtazama Ummy akiparua magamba, akipasua matumbo, akikata mistari ubavuni mwa samaki kabla ya kuwaingiza kwenye mafuta. Alimtazama mpaka samaki wakaisha. Jumapili alichukua funguo. Kisu alichokitengeneza safari hii hakikufanana na chochote alichokuwa nacho dukani. Mpini wake ulikuwa na nundu upande mmoja kujaza pale ambapo vidole havifiki, na ubapa ulikuwa mpana kuliko kawaida. Mtu asiyemjua Ummy angeona ni kisu kibaya. Ummy alikishika, akakata nacho hewa mara mbili. Siku iliyofuata akaja na mwenzake.

Wakaja wengine, mmoja mmoja. Kina mama aliwashika mikono. Wanaume, kwa kuwa haikumpendeza kuwashika, aliwapa donge la unga wa chapati wakalikamata kama wanavyokamata kisu, kisha akalikausha juani. Madonge hayo aliyapanga kwenye rafu nyuma ya mashine, kila moja na karatasi yake, alama za vidole vya watu zikiwa zimebaki ndani yake. Muuza nyama mwenye mkono mpana. Fundi wa ngozi aliyekosa kidole. Siku moja hata Isidori alikuja mpaka dukani, akasimama mlangoni, akasema anataka kimoja cha nyumbani. Alilikamata donge kwa nguvu mno mpaka unga ukatokea katikati ya vidole. Mauza akamwambia alikamate kama anakata mkate, si kama anakata nondo, na Isidori akacheka, jambo ambalo hakuwahi kulisikia.

Mwaka jana Taimur alikuja kwa wiki mbili. Alikuwa amenenepa na nywele zimeanza mvi. Alikaa dukani siku mbili tatu, akaitazama rafu, akauliza mambo ambayo simu haikuwahi kuyauliza. Siku ya kuondoka alisema, "Nitengenezee kimoja nimpelekee Samah."

"Mkono wake ukoje?"

Taimur alifikiri. "Mkono tu. Wa kawaida."

"Mrefu? Mnene? Anashika kisu mbele au nyuma?"

Alijaribu kuonyesha kwa mkono wake mwenyewe, akakata hewa, akaacha. "Sijui," alisema. "Kwa kweli sijui."

"Basi siwezi."

Aliporudi Muscat alimtumia picha ya kiganja cha Samah kimechorwa kwenye karatasi, pembeni yake kimechorwa kidogo cha Lujain, ambacho hakuna aliyekiomba. Mauza akawaandikia kwamba picha haina kipimo, waweke sarafu pembeni. Wakaweka. Alifua kile kisu kwa majuma manne, akakituma kwa mtu aliyekuwa anasafiri, akaandikiwa kimefika, asante sana. Baada ya hapo kimya. Alijua hali hiyo. Visu huondoka na watu, na watu hawana haja ya kurudi kueleza.

Wiki ya tatu simu iliita Jumanne, saa ya kupika. Alidhani ni Taimur, akaogopa kidogo. Alikuwa Samah, peke yake. Katika miaka yote ya ndoa ile hawakuwahi kuongea bila Taimur katikati.

"Wifi, samahani," Samah alisema. "Kisu kizuri. Lakini nikiwa na samaki mkono unateleza. Nimeona aibu kukwambia."

Mauza aliinua mguu akauweka kwenye stuli. "Samaki gani?"

"Nguru."

"Unamkata vipi? Niambie toka mwanzo."

Samah akaanza kumweleza, na alipoona maneno hayatoshi akawasha kamera, akaisimamisha simu kwenye kopo la chumvi. Mauza akauona mkono wenyewe, ukiwa kazini, na nyuma yake jiko la watu, na mtoto anayeuliza nani huyo kwenye simu. Waliongea mpaka nguru wote wawili wakaisha. Walipoagana alichukua karatasi ya mfuko wa simenti, akachora mpini mwingine, wenye mikwaruzo mahali kidole cha kati kinapokaa, akaandika juu yake jina la wifi yake.